Istilahi za Mazoezi ya Kuchora

Kitenzi *kuchora* kimebeba mengi katika lugha yetu: fundi huchora nakshi ubaoni, mpimaji huchora ramani, mwanafunzi huchora mtungi. Katika mazungumzo upana huo ni utajiri, lakini darasani huleta taabu. Mwalimu asemapo tu "chora vizuri", mwanafunzi hajui kosa lake liko wapi, kwenye mstari, umbo au mwanga. Kwa hiyo yafaa istilahi za somo hili zifuate mazoezi yenyewe, hatua kwa hatua.

Mazoezi ya kupangwa si jambo geni. Huko Ufaransa, kati ya 1866 na 1871, Charles Bargue akishirikiana na Jean-Léon Gérôme alitoa vielelezo 197 vya kunakiliwa na wanafunzi, kuanzia sanamu za plasta hadi miili ya watu. Naye Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa New York, aliacha kitabu kilichochapishwa 1941, baada ya kifo chake, ambacho nacho hupanga masomo kwa mazoezi. Mazoezi mawili ya mwanzo hapa chini yamo humo.

1. *Mstari wa mpaka*. Jicho hufuata polepole ukomo wa kitu, na mkono huenda nalo bila mchoraji kutazama karatasi. Neno *kontua* tumeliepuka, kwa kuwa katika jiografia limekwisha kupewa mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa.

2. *Mchoro wa mwendo*. Huu huchorwa haraka, kwa muda wa dakika moja hivi. Kinachotafutwa si sura ya mtu bali tendo lake: anainama, anavuta, anabeba.

3. *Maumbo ya msingi*. Hapa hatuna haja ya kubuni, kwani hisabati imetupa *mchemraba*, *tufe*, *pia* na *mcheduara*. Mdomo wa mtungi ni *duara*, lakini ukitazamwa kwa upande huonekana kama *duaradufu*. Mwanafunzi anayechora duara amechora anachokijua, si anachokiona. Mwalimu mwenye maneno hayo mawili anaweza kumwonyesha kosa hilo mara moja.

4. *Uvuli* na *kivuli*. Mtungi uliowekwa juani una giza la namna mbili: lile la upande wake usiopata mwanga, na lile unaloliangusha chini. Wengi huyaita yote kivuli, na wanafunzi huyapaka sawasawa. Twapendekeza la kwanza liitwe *uvuli*, na la pili libaki *kivuli*. Maneno yote mawili tunayo tangu zamani. Kilichokosekana ni kuyagawia kazi.

Istilahi haina budi kumwambia mwanafunzi atazame nini. Ikishindwa hapo, hata ikiwa na sauti nzuri, itabaki kamusini. Tunawaomba walimu wa sanaa wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi, kisha watuarifu ni lipi lililosaidia mkono na ni lipi lililouzuia.