Kama jiwe limekuangukia mgongoni: picha ya sumaku na safari yake



Jiwe limemwangukia mtu mgongoni. Anafikishwa hospitali, anapigwa picha ya radio, na mganga anaona kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Lakini mgonjwa hasikii miguu yake vizuri. Sababu gani? Radio inaonyesha mifupa. Mishipa ya fahamu inayopita katikati ya mifupa ya mgongo haionekani humo.

Iko mashini nyingine inayoiona. Waganga wanaiita IRM. Inatumia sumaku kubwa pamoja na mawimbi, ndugu ya yale yanayoleta nyimbo katika redio yako. Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji. Sumaku inapanga chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji hayo, mawimbi yanazisukuma, na zinaporudi pahali pake zinatoa ishara. Kompyuta inageuza ishara hizo kuwa picha. Mgonjwa haumii.

Basi kwa nini mashini hii haiko katika kila hospitali? Kwa sababu ya bei. Sumaku ya IRM ya kawaida ina nguvu ya tesla 1,5, na inapaswa kukaa ndani ya heliumu ya maji, kwenye baridi ya digri 269 chini ya sifuri. Chumba chake kinazungushiwa chuma maalum, mara nyingi shaba, ile ile inayochimbwa Katanga. Umeme ukikosekana siku nyingi, heliumu inatoka kama mvuke, na kuijaza tena ni mali nyingi. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuta mashini 84 tu katika Afrika ya Magharibi yote, kwa watu zaidi ya milioni 370. Japani ina zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja.

Kwa mgonjwa wa Kalemie, ghali ya picha si picha peke yake. Ni safari pia: ndege ya Lubumbashi, ao mashua ya kuvuka ziwa mpaka Kigoma na njia ndefu mbele yake, chakula, na ndugu wa kumsindikiza.

Lakini iko habari njema. Mwaka 2022, katika chuo kikuu cha Mbarara, Uganda, mafundi walipokea vipande vya IRM ndogo vilivyoletwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Viliungwa pale pale. Tangu vipande vilipofika mpaka picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Mashini hiyo imetengenezwa kwa sumaku ndogo nyingi sana zilizopangwa kwa duara. Haitaki heliumu. Na fundi aliyeiunga kwa mkono wake anaweza pia kuitengeneza ikiharibika.

Tusidanganyane: nguvu yake ni kama sehemu moja ya 30 ya ile kubwa. Imekusudiwa hasa kichwa, kama vile kichwa cha mtoto kilichojaa maji. Kwa mgongo wa mchimbaji bado tunahitaji mashini kubwa. Lakini mlango umefunguka.

Wakati tunangoja, shika haya:

1. Mwenzako akiangukiwa na jiwe, usimvute mikono wala usimketishe. Mlaze sawasawa juu ya ubao, watu wengi pamoja, kichwa kisigeuke.

2. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia kati ya mapaja, ao mkojo ukikataa kutoka ao ukitoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiende kwanza kukandwa.

3. Maumivu ya kawaida ya mgongo mara nyingi yanapona kwa majuma machache bila IRM. Usiuze mbuzi wako kwa picha ambayo mganga hakuiomba.

4. Umekata chuma, umekinoa kwa mashini ao umepiga patasi? Kipande kidogo kinaweza kubaki katika jicho miaka mingi bila kuuma, na sumaku inaweza kukisogeza na kukupofusha. Sema kabla ya kuingia. Sema pia kama una risasi mwilini, ao mashini ya moyo. Usione haya.

5. Acha nje funguo na viatu vyenye chuma. Sumaku kubwa inavuta hata wakati hakuna mgonjwa.

6. Ulizeni ofisi ya matunzo leo, kabla ya ajali: mtu akihitaji IRM anapelekwa wapi? Nani analipa safari? Nani anamsindikiza? Mama, wewe pia ujue majibu, maana siku hiyo bwana pengine hataweza kusema.

Na kesho asubuhi, kabla ya kushika patasi, vaa miwani yako. Jicho lisilo na chuma ndani linaweza kuingia katika mashini yoyote bila hofu.