Butembo ilijengwa bila benki. Je, fedha za kimataifa zitaiinua au zitaipita?

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Butembo wameagiza bidhaa kutoka Dubai, Guangzhou, Hong Kong na Jakarta. Wengi walifanya hivyo bila mkopo wa benki hata mmoja. Maghorofa ya katikati ya mji, maduka ya vitenge na vipuri vya pikipiki, pamoja na ada za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, vimelipiwa kwa sehemu kubwa na pesa taslimu zilizopita mkono kwa mkono.

Sasa benki za kigeni zimefika. Equity ya Kenya iliingia Kongo mwaka 2015 kwa kununua ProCredit, kisha mwaka 2020 ikanunua hisa nyingi za benki ya BCDC na kuunda Equity BCDC. Desemba 2022, KCB, nayo ya Kenya, ilikamilisha ununuzi wa asilimia 85 ya hisa za Trust Merchant Bank (TMB). Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtaji kutoka Nairobi umekuwa ukiitazama nchi hii kama soko kubwa lijalo.

Lakini mama anayeuza viatu sokoni Butembo ana swali lake: je, fedha hizo zitamfikia?

Woga wenye historia

Watu wa hapa wana sababu ya kuogopa benki. Desemba 1979, utawala wa Mobutu ulifuta ghafla noti za zaire 5 na 10. Wananchi walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiwango kilichowekewa kikomo. Waliokuwa mbali na benki walibaki na makaratasi.

Mwaka 1993 pigo lilirudi. Serikali ilileta sarafu ya zaire mpya, na zaire mpya moja ikawa sawa na zaire milioni 3 za zamani. Miaka mitano baadaye hiyo nayo ikafutwa, ikaja faranga ya Kongo kwa kiwango cha faranga moja kwa zaire mpya 100,000. Mwenye akili alijifunza kuweka mali yake katika dola, shamba, tofali au bidhaa.

Mtaji wa kuaminiana

Mtafiti Janet MacGaffey, aliyechapisha kitabu kuhusu wafanyabiashara wa Zaire mwaka 1987, aliwaeleza Wanande kuwa watu waliojenga biashara zao bila kubebwa na serikali. Walianza na mboga, maharage na kahawa, wakanunua malori, kisha wakavuka mpaka.

Utaratibu wao unaeleweka kwa urahisi. Watu kadhaa huunganisha dola zao ili kujaza kontena moja. Mmoja hupanda ndege kwenda kununua kwa niaba ya wote. Mzigo hushuka Mombasa, hupita Uganda, huingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, na kufika Butembo kupitia Beni. Dhamana ni jina la mtu, ukoo wake na kanisa lake. Anayewatapeli wenzake hapati tena mtu wa kumkopesha. Sokoni, akina mama hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo kupitia likirimba na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana.

Mfumo huo ulivumilia hata vita. Karibu na mwaka 2000, waasi wa RCD-ML walipotawala eneo hili, wafanyabiashara wakubwa walikubaliana nao kulipa ushuru mapema, kabla mizigo haijafika, ili watozwe kidogo. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameandika kwa kirefu kuhusu mapatano hayo.

Hata hivyo sifa hizo zina upande wa pili. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliziwekea vikwazo kampuni kadhaa, ikiwemo Butembo Airlines, kwa kuhusishwa na biashara ya dhahabu iliyowanufaisha wenye silaha. Na kuaminiana kunamfaa aliye ndani ya mtandao. Kijana asiye na mjomba mwenye duka hubaki nje.

Tabaka linaloelea

Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba zaidi ya Waafrika milioni 300, yaani karibu asilimia 34, walikuwa tabaka la kati. Kipimo chake kilikuwa mtu anayetumia kati ya dola 2 na dola 20 kwa siku. Lakini ripoti hiyohiyo ilisema takriban asilimia 60 ya watu hao walikuwa wanatumia kati ya dola 2 na 4. Iliwaita tabaka linaloelea, kwa sababu msukosuko mmoja unatosha kuwarudisha katika umaskini.

Kwa Kongo picha ni nzito zaidi. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, mwaka 2024 karibu asilimia 73.5 ya Wakongo waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku.

Butembo na Beni wanajua maana ya kuelea. Mauaji ya raia karibu na Beni yamekuwa yakiendelea tangu Oktoba 2014. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200 katika eneo hili la mashariki. Lori moja likichomwa kwenye barabara ya Beni–Kasindi, familia kadhaa zilizochangia mzigo hupoteza mtaji wa miaka.

Kati ya benki na barabara

Hapo ndipo mkopo wa muda mrefu ungesaidia. Lakini benki kwa kawaida hutaka dhamana ya cheti cha usajili wa ardhi, na watu wengi wana karatasi ya mauziano tu au makubaliano ya kimila. Mikopo ya muda mfupi humfaa anayeuza haraka kuliko anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha kusindika kahawa.

Kuna kikwazo kingine kutoka nje. Oktoba 2022, shirika la kimataifa linalosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha, FATF, liliiweka Kongo kwenye orodha yake ya kijivu. Nchi ikiwa humo, benki za nje hukagua zaidi kila dola inayotumwa. Mfanyabiashara aliyezoea kubeba pesa mfukoni hujikuta akiulizwa karatasi ambazo hajawahi kuwa nazo.

Usalama nao umebana njia. M23 iliteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na Goma Januari 2025. Utawala wa mkoa ulihamia Beni, na benki za Goma zikafungwa. Kwa Butembo, njia ya kusini ilibanwa, na mpaka wa Kasindi ukawa na uzito zaidi. Mradi wa barabara wa Uganda na Kongo, wenye jumla ya kilomita 223 na uliozinduliwa mwaka 2021, unahusisha Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Kwa wenye malori, lami hiyo ina thamani kuliko tawi jipya la benki.

Fedha za kimataifa zikitaka kukuza tabaka la kati hapa, zianzie pale ambapo watu tayari wanaaminiana. Daftari la likirimba lililolipwa kwa miaka kumi bila deni linasema mengi kuhusu mkopaji kuliko kiwanja kisicho na cheti. Serikali nayo ina kazi yake: kutoa vyeti vya ardhi kwa gharama nafuu na kulinda barabara. Yasipofanyika hayo, benki zitapokea akiba za Butembo na kuzikopesha kwingine, na mji utaendelea kujijenga kwa tofali moja moja, kama ulivyozoea.