Sumu ya Vijidudu vya Kifua Kikuu

Mwaka 1882 daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekigundua kijidudu kiletacho kifua kikuu. Tangu hapo wataalamu walibaki na swali lililowasumbua. Kijidudu cha pepopunda kina sumu yake, na cha dondakoo na cha kipindupindu vivyo hivyo. Lakini hiki kinachotoboa mapafu hakikuonekana kuwa na sumu ya namna hiyo. Ikasemwa kwamba mwili ndio unaojiumiza wenyewe katika kupigana nacho. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, ila yalikuwa nusu ya habari.

Nusu ya pili ilianza kujulikana Marekani mwaka 2014 na 2015, Michael Niederweis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, walipoieleza sumu itolewayo na kijidudu hicho. Waliipa jina la kifupi TNT, ambalo ni jina pia la baruti. Na jina hilo linaifaa.

Kijidudu kivutwapo kwa pumzi humezwa na chembe hai za ulinzi zilizomo mapafuni, kikafungiwa ndani ya kifuko ili kisagwe. Badala ya kusagwa, hukitoboa kifuko hicho, na sumu ikapenya ndani ya chembe. Humo huvunjavunja kitu kiitwacho NAD, ambacho kazi yake yaweza kufananishwa na lori la chama cha msingi. Pamba ikijaa ghalani bila lori la kuifikisha kiwandani, haimfai mkulima. Hali kadhalika chembe isiyo na NAD hushindwa kukitumia chakula ilicho nacho, ikafa kwa kupasuka. Vijidudu humwagika nje, chembe nyingine za ulinzi huja kuvimeza, nazo zikapatwa na yale yale. Nyama ya pafu ikizidi kuharibika hutokea shimo. Shimo likifikia njia ya hewa, vijidudu hutoka kwa kikohozi na kuwafikia walio nyumbani au mkutanoni.

Lililowashangaza wengi ni kwamba kijidudu chenyewe kinaihitaji NAD ili kiishi. Kwa hiyo hutengeneza protini maalumu ya kuishika sumu yake isije ikakiua.

Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921, ina kijidudu hai cha jamii hiyo kilichodhoofishwa. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba kilikuwa kimepoteza sehemu ya zana za kutobolea kifuko, na hiyo ni sababu mojawapo ya upole wake.

Dawa zinazotumika hospitalini huua vijidudu au kuvizuia visizaliane. Haziishambulii sumu yenyewe, wala shimo lililokwisha kutokea halirudi kuwa pafu zima, bali huacha kovu. Ndiyo maana majuma ya mwanzo ya kikohozi yana thamani kubwa. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi sita, na hatari yake ni kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema, akarudi shambani na kuacha vidonge, hali vijidudu vilivyosalia vingali hai na vyaweza kuwa sugu. Katibu anayemwona mpima mazao wake akikohoa kwa majuma mawili amhimize kwenda kupimwa makohozi. Nchini Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.