Betri Inayokufa Usiku: Pima Kabla ya Kununua

Gari la siku nyingi, hasa lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika kwingine kwa miaka kumi au zaidi, huwa na kasoro moja ya umeme inayojirudia: limeegeshwa jioni bila dosari yoyote, asubuhi haliwaki. Mwenyewe huazima umeme kwa betri ya jirani, akafika kwa fundi, na jibu analopewa mara nyingi ni kwamba betri imekwisha, anunue nyingine. Huenda ni kweli. Betri ya risasi na asidi haidumu sana katika joto letu, na miaka mitatu au minne ni umri wa kutosha. Lakini huenda pia betri ni nzima, na kinachoimaliza kingalimo garini. Hapo betri mpya itafuata njia ya ile ya kwanza, na mnunuzi atakuwa amelipia dhana tu.

Dhana hiyo huondolewa na kipimo. Mita ndogo ya kupima volti na ampea huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na betri, na fundi umeme wa magari asiyekuwa nayo hana sababu ya kuaminiwa na waya za gari lako. Kwanza tazama vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani uliogandamana hapo huzuia umeme kupita. Huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vikakaushwa na kukazwa. Kisha pima betri asubuhi, kabla gari halijawashwa. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi; 12.4 ni kama robo tatu, ikifika 12.0 imekaribia kuwa tupu. Injini ikiwaka, kipimo hichohicho kipande hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea, na betri mpya haitasaidia chochote. Kikipita volti 15, betri inachemshwa.

Hapa inafaa kutaja desturi moja ya gereji ambayo mwenye gari ana haki ya kuikataa. Wapo mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, wakisema kwamba gari likiendelea kuwaka alternata ni nzima. Tendo hilo laweza kurusha volti ghafla na kuunguza alternata yenyewe, redio, au kompyuta ya injini. Vilevile kugusisha waya kwenye kichwa cha betri ili kutazama cheche si kipimo. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka.

Ikiwa betri inachajiwa vizuri na bado hufa usiku, kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Kiasi kidogo hakiepukiki, kwa kuwa saa, kumbukumbu ya redio na kengele ya wizi hazilali kabisa; katika magari mengi kiasi hicho hakizidi miliampea 50. Zaidi ya hapo ni uvujaji. Chukua mfano wa taa ya buti ya wati 5 ambayo swichi yake imekwama, hivyo inawaka hata buti likifungwa. Hula kama ampea 0.4. Gari lililoegeshwa Ijumaa jioni na kuguswa Jumatatu asubuhi litakuwa limepoteza takriban ampea-saa 25, na betri ya gari dogo aghalabu ina 40 hivi. Taa hiyo haionekani na mtu yeyote, na ndiyo maana betri hulaumiwa.

Uvujaji hutafutwa hivi. Gari huzimwa, ufunguo hutolewa, na swichi ya mlango utakaobaki wazi hubanwa ili taa ya ndani isiwake. Waya wa hasi hufunguliwa kwenye betri, na mita, ikiwa imewekwa kwenye ampea 10, huunganishwa kati ya waya huo na kichwa cha betri, ili umeme wote upite ndani yake. Tangu hapo ufunguo usizungushwe, maana starta hutaka ampea nyingi mno na itaiunguza mita. Subiri hadi nusu saa, kwa sababu baadhi ya vifaa huchelewa kulala. Namba ikibaki kubwa, fyuzi huchomolewa moja moja na kurudishwa. Fyuzi ambayo ikitolewa namba hushuka ghafla ndiyo inayolisha njia yenye kasoro, na kazi iliyobaki ni kufuata vifaa vichache vilivyo kwenye njia hiyo. Namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, shuku alternata iliyoharibika ndani, au kifaa kilichoungwa moja kwa moja kwenye betri: kengele ya wizi, redio kubwa, kifaa cha kufuatilia gari. Kwa magari yaliyopita mikono mingi, ni hivi vya kuongezwa baadaye tungeanza navyo. (Kabla ya kufungua betri, uliza kuhusu redio yako, baadhi ya redio zilizokuja na magari ya Japani hujifunga umeme ukikatika, zikadai namba ya siri ambayo mmiliki mpya hakupewa.)

Fyuzi inayoungua kila mara ni jambo jingine, na ni la hatari zaidi. Fyuzi bapa hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyoungua hurudishiwa ya kiwango kilekile. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, au karatasi ya sigara yenye bati, ni kuuhamishia waya wa gari kazi ya kuungua, na waya huo umepita chini ya zulia na nyuma ya dashibodi. Ukiona fundi amefanya hivyo, usiliendeshe gari.

Dalili za ajabuajabu, kama vile taa ya nyuma kufifia unapokanyaga breki, au kiashiria cha kona kuwaka pamoja na taa nyingine, mara nyingi hutokana na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi, ambao mafundi huuita ethi. Kutu ikiingia chini ya bolti yake, umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia taa ya jirani. Pwani, penye hewa ya chumvi, hapo ndipo pa kuanzia. Kukwangua na kukaza bolti moja kumewaokoa wengi na gharama ya kubadili waya za gari zima.

Kwa fundi, patana bei ya kutafuta kasoro mbali na bei ya kuitengeneza, na umwombe aandike vipimo kabla na baada ya kazi. Dai risiti na kifaa cha zamani kilichotolewa. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo kwa mnunuzi, ikiwa ni pamoja na kuuziwa kilichotumika kana kwamba ni kipya. Bila risiti, lalamiko la namna hiyo ni gumu kuthibitisha.

Vipimo vikionyesha kwamba betri kweli imekwisha, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye ile mpya, kwa kuwa betri huchakaa hata ikiwa rafuni, na ujaziwe kadi ya dhamana hapohapo dukani. Ya zamani ina risasi na asidi, haitupwi jalalani. Wauzaji wengi huipokea, na thamani yake yaweza kupunguzwa katika bei ya mpya ukiuliza kabla ya kulipa.