Soko la Kazi: Dalali Asiyemtoza Mtafuta Kazi

Kila wiki wafanyabiashara huulizana bei ya mahindi Tandale, bei ya vitunguu Kariakoo na bei ya dola katika maduka ya kubadilishia fedha. Masoko hayo yana madalali, yana mizani, na kabla jua halijawa kali kila mtu ameshajua bei ya siku. Lipo soko jingine ambalo halina kibanda wala mizani, ingawa linamgusa kila mwenye nyumba. Hilo ni soko la kazi. Muuzaji ni kijana mwenye cheti mkononi. Mnunuzi ni mwenye kiwanda, duka, hoteli au shamba. Bidhaa ni ujuzi na nguvu za mtu.

Ugumu wa soko hili ni kwamba muuzaji na mnunuzi hawaonani. Fundi umeme aliyeko Mbagala hajui kwamba kiwanda cha Ubungo kinamtafuta mtu kama yeye. Mwenye kiwanda naye hajui kwamba fundi huyo yupo. Hata wakionana, mnunuzi wa mahindi anaweza kufungua gunia akaona kama yana bungua, lakini mwajiri hawezi kuufungua moyo wa mtu akaona kama ni mwaminifu na hodari. Ndiyo maana nafasi inaweza kukaa wazi miezi miwili huku watu wenye sifa wakizunguka mjini na bahasha za kaki. Wataalamu watatu waliolichambua jambo hili, Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides, walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2010.

Ofisi ya ajira ya umma iliundwa kuliziba pengo hilo. Kwa lugha ya sokoni ofisi hiyo ni dalali, lakini ni dalali anayelipwa na kodi za wananchi wala hapokei kitu kutoka kwa mtafuta kazi.

Ilikoanzia

Uingereza ilipitisha sheria ya ofisi hizo mwaka 1909, wakati Winston Churchill akiwa waziri wa biashara, na za kwanza zikafunguliwa Februari 1910. Hoja ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya huruma. Vibarua wa bandarini na viwandani walikuwa wakipoteza siku nzima wakienda lango hadi lango kuuliza kazi, na hasara hiyo ilikuwa ya taifa zima. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa pili ulizitaka nchi wanachama ziwe na ofisi za ajira za umma zisizotoza ada. Mkataba Namba 88 wa mwaka 1948 ukaeleza kwa kirefu namna ofisi hizo zinavyotakiwa kufanya kazi.

Huku kwetu historia ilipita njia nyingine. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani Tanganyika walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua iliyojulikana kama SILABU. Ilikwenda kuwachukua watu katika mikoa ya mbali na kuwaleta mashambani kwa mkataba, na watu hao wakaitwa manamba. Huyo naye alikuwa dalali wa kazi, lakini alikuwa dalali wa mnunuzi peke yake.

Baada ya Uhuru, na hasa kuanzia Azimio la Arusha, Serikali na mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa mwajiri mkuu. Mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na Serikali, na aliyekaa mjini bila kazi aliweza kukumbana na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 na kurudishwa kijijini. Utaratibu huo ulimalizika mageuzi ya uchumi yalipokuja. Mashirika yalianza kubinafsishwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na wahitimu wakaambiwa wajitafutie. Mtafuta kazi akabaki na gazeti, mjomba na miguu yake.

Ni katika hali hiyo Bunge lilipopitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira. Kituo cha kubadilishana taarifa za kazi kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 2001, na mwaka 2008 ukaanzishwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, uliojulikana kwa kifupi kama TaESA. Kenya nayo ilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Taifa ya Ajira mwaka 2016.

Msomaji asichanganye huduma hii na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sekretarieti hutafuta watumishi wa Serikali na taasisi zake tu. Huduma ya ajira inayozungumzwa hapa inamhusu kila mwajiri, awe na hoteli Arusha au kiwanda cha mabati Dar es Salaam.

Ofisi inavyofanya kazi

Hatua ya kwanza ni uandikishaji. Mtafuta kazi hutoa maelezo ya elimu, ujuzi, uzoefu na mahali anapoishi. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwa njia ya intaneti, lakini kanuni ni ile ile ya kadi za zamani: maelezo yakiwa ya jumla mno hayamsaidii mtu. Anayeandika kwamba yuko tayari kufanya kazi yoyote humwacha ofisa bila pa kumpeleka. Anayeandika kwamba ameendesha forklifti bandarini miaka mitatu huwa ameshajitenga na mamia.

Hatua ya pili ni kukusanya nafasi kutoka kwa waajiri, na hapa ndipo ofisi nyingi duniani hukwama. Daftari lenye majina ya watafuta kazi hujaa lenyewe. Daftari la nafasi hujazwa na ofisa anayetoka, akaenda viwandani na mahotelini, akajua nani anapanua biashara na nani anapunguza watu. Soko lenye wauzaji bila wanunuzi halidumu, na ofisi ya ajira ni hivyo hivyo.

Hatua ya tatu ni kuoanisha. Ofisa hulinganisha sifa zilizoombwa na zilizoandikishwa, kisha humpelekea mwajiri orodha fupi ya watu wa kusaili. Mwajiri halazimiki kumchukua yeyote kati yao. Anachopunguziwa ni mzigo wa kusoma barua mia tatu.

Hatua ya nne ni ushauri. Mtafuta kazi hufundishwa kuandika barua ya maombi na maelezo yake binafsi, hufanyishwa mazoezi ya usaili, na huambiwa ukweli kuhusu mshahara anaoweza kuutegemea. Anayekosa uzoefu anaweza kuelekezwa kwenye mafunzo ya vitendo kazini kwa muda maalum.

Hatua ya mwisho huwa haionekani na umma. Ofisi yenye kumbukumbu nzuri inajua ni ujuzi gani unatafutwa na haupatikani, na ni upi umejaa. Hizo ni taarifa za soko, sawa na taarifa za bei ya kahawa mnadani Moshi. Chuo cha ufundi kinachozipata kitajua mapema kama kiongeze mafundi wa majokofu au maseremala.

Nani analipa?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kodi igharimie udalali wakati mawakala binafsi wapo. Jibu liko kwenye mfuko wa mtafuta kazi. Chukua mfano wa kijana anayetumia nauli ya shilingi 2,000 kwa siku kuzunguka maofisini. Kwa siku 20 za mwezi ni shilingi 40,000, kabla hajala wala kutoa nakala za vyeti, na fedha hizo ni za mzazi au dada. Wakala akimwongezea ada, anayepata kazi si mwenye ujuzi zaidi bali ni mwenye fedha zaidi. Ubaya mwingine ni kwamba anayelipwa kwa kuandikisha watu tu hana haraka ya kuwapatia kazi.

Kwa sababu hiyo Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani uliwatambua mawakala binafsi, lakini ukaweka kanuni kwamba wasimtoze mfanyakazi ada, ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Gharama ni ya mwajiri anayehitaji mtu. Tanzania ilitunga kanuni zake za mawakala binafsi mwaka 2014, zilizowazuia pia mawakala kujigeuza waajiri wa watu waliowatafutia kazi. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida mfanyakazi kukaa miaka katika kampuni moja huku mwajiri wake kwenye karatasi akiwa mwingine kabisa.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Aliyetapeliwa nauli ya kwenda Morogoro anaweza kurudi kwa lifti. Aliyefika nchi ya watu na mkataba asioujua, pasipoti ikiwa mikononi mwa mwingine, hana njia hiyo. Kupitia kwa wakala aliyesajiliwa, na mkataba kupitiwa na ofisi ya Serikali kabla ya safari, ni ulinzi wa kwanza.

Je, inasaidia kweli?

Swali hili limepimwa katika nchi mbalimbali, na majibu yanastahili kusomwa kama hesabu za kampuni, faida na hasara pamoja.

Nchini Afrika Kusini watafiti waliwapa watafuta kazi barua za sifa kutoka kwa waajiri wao wa zamani. Maombi yaliyoambatanishwa na barua hiyo yalijibiwa na waajiri zaidi kwa takriban asilimia 60 kuliko yasiyokuwa nayo. Addis Ababa, Ethiopia, vijana waliofundishwa kuandika maombi na kuuonyesha ujuzi wao walikutwa miaka minne baadaye wakipata kipato kikubwa kuliko wenzao. Wale waliosaidiwa nauli walinufaika mwanzoni, kisha tofauti ikafifia. Fundisho ni kwamba nauli humfikisha mtu mlangoni, lakini uthibitisho wa ujuzi ndio humfungulia.

Ufaransa ilileta onyo. Katika jaribio lililohusisha maeneo 235, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, vijana wasomi waliopewa ushauri wa karibu walipata kazi za kudumu mapema kuliko wengine. Lakini sehemu ya faida hiyo ilitoka kwa vijana wa maeneo hayo hayo ambao hawakupewa msaada. Foleni ilikuwa ile ile, ila waliokuwa nyuma wamesogezwa mbele.

Mpaka wa dalali

Hapo ndipo ulipo mpaka wa huduma hii. Dalali huharakisha biashara lakini haoti mahindi. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Hao ni zaidi ya watu 140 kwa kila nafasi. Hakuna ofisi ya ajira, hata iwe na maofisa hodari namna gani, itakayoweza kuifuta hesabu hiyo. Kuongeza nafasi ni kazi ya mitaji, umeme wa uhakika, barabara na kilimo chenye soko.

Isitoshe, Watanzania wengi hawaajiriwi kwa barua. Wako mashambani, gengeni, kwenye bodaboda na katika karakana za mtaani, ambako kazi hupatikana kwa kujuana. Ofisi ya ajira inayongoja waajiri wenye mihuri tu itahudumia sehemu ndogo ya soko.

Hata hivyo mwenye biashara asiidharau. Kumwajiri mtoto wa jirani ni rahisi siku ya kwanza, lakini mhasibu asiyejua kufunga hesabu ni ghali kila mwisho wa mwezi, na kumfukuza mtoto wa jirani ni ghali zaidi. Kutuma taarifa ya nafasi kwenye ofisi ya ajira hakumzuii kuuliza kwa jamaa. Kunampa watu wengi zaidi wa kuchagua.

Kwa mtafuta kazi, mambo manne yatamfaa. Ajiandikishe na kuyarekebisha maelezo yake kila anapoongeza ujuzi. Aombe barua ya sifa anapoacha kazi, hata kama ilikuwa ya miezi mitatu, maana barua ni rahisi kuipata siku ya kuagana kuliko miaka miwili baadaye. Amwulize wakala binafsi cheti chake cha usajili kabla ya kumkabidhi nakala za vyeti. Na akiombwa fedha ili jina lake lipelekwe kwa mwajiri, aondoke na fedha zake, kwa sababu katika udalali wa kazi anayetakiwa kulipa ni mnunuzi.