Pale Lori Linapokwama: Njia Tulivu za Baiskeli Kuzunguka Kisangani

Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote, lakini maisha yake yote yameegemea maji, kwa kuwa mji umekaa pale ambapo maporomoko ya Boyoma yanakoma na mto Kongo unaanza kupitika kwa meli hadi Kinshasa. Ardhi inayouzunguka si tambarare kama ramani inavyodanganya: kila kijito kinachoteremka kuufuata mto kimechimba bonde lake, na barabara zinazoyakata mabonde hayo hupanda na kushuka bila kukoma chini ya msitu. Mandhari ya namna hiyo, yenye kingo za maji, vilima vifupi na vijiji vilivyotawanyika, ndiyo wapanda baiskeli wa safari ndefu huitafuta popote duniani, ingawa Kisangani haijawahi kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yao.

Njia tulivu, kwa maana inayotumika hapa, ni njia ambayo magari yake ni machache kiasi kwamba mpanda baiskeli halazimiki kutumia safari nzima akisikiliza kinachokuja nyuma ya mgongo wake. Katika nchi kadhaa za Ulaya njia hizo hupangwa na serikali, huwekewa alama na kuchapishwa katika ramani. Katika Tshopo hazikupangwa na yeyote, bali zimetokana na mito isiyo na madaraja, matope ya masika na magogo ya madaraja yaliyooza, yaani mambo yaleyale ambayo wafanyabiashara huyalalamikia. Kinacholikwamisha lori la tani kumi si lazima kimkwamishe mtu anayeweza kukibeba chombo chake begani au kukilaza ndani ya mtumbwi.

Wakazi wa Kisangani hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, mawasiliano ya mto na Kinshasa yalipokatika na mafuta yakawa adimu, baiskeli ndiyo iliyoufanya mji usisimame: vijana walifunga viti vyenye sponji juu ya keria za nyuma, wakabeba abiria kwa nauli, na huduma hiyo ikaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Nje ya mji wachuuzi walisukuma baiskeli zilizosheheni madumu ya mafuta ya mawese kwa siku nyingi, wakipita katika njia za msituni ambazo magari yalikuwa yamezisahau. Leo pikipiki zimewanyang'anya watu wa toleka sehemu kubwa ya kazi mjini, lakini elimu waliyoikusanya kuhusu kilima kipi kinapandika na kijito kipi kina jiwe la kuvukia ndiyo ramani bora zaidi ya jimbo kwa mtu mwenye magurudumu mawili, nayo haijaandikwa popote.

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani kwamba barabara nzuri kwa gari ni nzuri kwa baiskeli. Barabara ya kitaifa namba 4, inayoelekea mashariki kupitia Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa hadi Beni, ndiyo inayoleta Kisangani bidhaa zilizoshushwa Mombasa na kupitia Uganda, na kwa sababu hiyo ndiyo yenye malori mengi. Siku zisizo na mvua kila lori huacha nyuma yake wingu la vumbi jekundu ambalo humfanya mpanda baiskeli asione mbele wala kuvuta pumzi, na mvua inaponyesha magurudumu yale mazito huchimba mashimo yanayoweza kummeza mtu hadi kiunoni. Barabara hiyo ina umuhimu mkubwa kwa uchumi wa mji, lakini kwa safari ya starehe haifai.

Udongo wenyewe unastahili maelezo. Barabara nyingi za huku ni za laterite, yaani udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma, ambao ukikauka huwa mgumu karibu kama tofali na ukiloa huteleza kama sabuni. Kisangani iko kaskazini kidogo tu ya ikweta na hunyeshewa karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kiangazi cha kweli. Kuna miezi yenye nafuu, hasa Januari na Februari, na kwa kiasi fulani Juni na Julai, ilhali Oktoba na Novemba hufaa zaidi kwa kukaa barazani. Vilima navyo, ingawa ni vifupi, si vya kudharauliwa. Penye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, mpanda baiskeli ambaye uzito wake pamoja na chombo na mizigo ni kilo 100 hulazimika kusukuma kana kwamba anainua kilo 5 za ziada muda wote, na baiskeli ya kawaida ya Kongo, ambayo ni nzito na haina gia za kubadilisha, haimpi msaada wowote. Ndiyo maana wachuuzi hushuka na kusukuma bila kuona aibu, na mgeni hana sababu ya kufanya tofauti.

Kwa utulivu na historia, hakuna njia inayoishinda ile ya Ubundu. Inaanzia Lubunga, wilaya ya mji iliyo ng'ambo ya kushoto, ambako hufikiwa kwa mtumbwi au kivuko kwa kuwa Kisangani haina daraja juu ya mto Kongo, kisha inafuatana na reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 ili abiria na mizigo wayakwepe maporomoko saba ya Boyoma. Karibu na kilomita ya 32 iko hifadhi ya msitu wa Yoko, inayotumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na kwenye kilomita ya 41 kipo kijiji cha Biaro, ambacho mwaka 1997 kilikuwa kambi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, wengi wao wakifa pale kwa njaa, maradhi na risasi. Msafiri akipita hapo leo atakuta kivuli cha miti na ukimya, naye anapaswa kujua ukimya huo umepitia nini.

Hata hivyo njia hiyo haiwezi kupendekezwa kwa sasa bila sharti. Tangu mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola umeleta mauaji na kuwafukuza watu wengi makwao katika ng'ambo ya kushoto, Lubunga ikiwemo. Barabara isiyo na magari inaweza kuwa imetulia, na inaweza pia kuwa imekimbiwa. Kwa jicho la mgeni hali hizi mbili hufanana, na wa kuzitofautisha ni wenyeji peke yao.

Hivyo inabaki njia ya Yangambi, inayofuata ng'ambo ya kulia kuelekea magharibi kwa kilomita 100 hivi. Mapema kabisa inakatwa na mto Lindi, unaovukwa kwa kivuko, na kivuko hicho ndicho mlinzi wa utulivu wake, kwa sababu dereva mwenye haraka hawezi kuvumilia kukingoja. Mwisho wa safari ni kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933, chenye nyumba za matofali zinazomezwa na miti, hazina ya mimea iliyokaushwa yenye vielelezo vipatavyo 150,000, na msitu ambao UNESCO iliutambua kuwa hifadhi ya viumbe hai mwaka 1976. Anayetaka kuonja kwanza anaweza kwenda Masako, hifadhi iliyo kilomita 14 kwenye barabara ya zamani ya Buta, akarudi kabla ya jua kuwa kali.

Yangambi huchukua siku mbili kwa mwendo usio wa kujitesa, na wengi hurudi Kisangani kwa boti ya mbao yenye injini, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya magunia ya mihogo.