Itifaki Sanifu: Lugha ya Pamoja ya Mashine

Katika soko la Virunga, mjini Goma, msemaji wa Kinande na msemaji wa Kishi hawalazimiki kujifunza kila mmoja lugha ya mwenzake. Hukutana katika Kiswahili. Haja kama hiyo imejitokeza baina ya programu za akili unde na mifumo ya nje, kama vile katalogi za maktaba. Pasipo kanuni ya pamoja, programu 10 na mifumo 20 huhitaji viunganishi 200. Kila upande ukifuata itifaki moja, 30 hutosha.

Mnamo Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol. Kwayo, mfumo huorodhesha huduma zake; programu huchagua ifaayo, hutuma ombi na kupokea jibu.

Hata hivyo, itifaki husanifisha namna ya kuomba, si yaliyomo. Vivyo hivyo, usanifishaji uliochagua Kiunguja katika mkutano wa Mombasa wa 1928 haukuhifadhi Kiswahili cha Kivu. Matini zake zisipokusanywa na kuorodheshwa, programu itaifikia katalogi isiambulie kitu. Kwa hiyo ukusanyaji ndio kazi ya kwanza, kiunganishi hufuata.